Viatu vya Mbio na Msiba wa Robo Saa

Leo nimemlilia nyanyangu kifo, naye yu hai, yuko jikoni anakoroga unga wa kaimati. Nimemlilia mbele ya mtaa mzima, miguuni nimevaa raba za rangi ya machungwa. Naandika jasho halijakauka, kabla Bi. Rukia hajawahi kuwasimulia kwa namna yake.

Ili mnielewe, lazima nikiri jambo. Miezi saba iliyopita nilikatwa tumbo. Sikuwa na ugonjwa wa ghafla. Nilikwenda mwenyewe, nikapanda kitanda cha hospitali moja huko Nairobi, daktari akaondoa sehemu kubwa ya tumbo langu na kuniachia kipande cha ukubwa wa ndizi. Uzito ulikuwa umefika mahali ambapo ngazi za nyumba yetu zilikuwa zikinisikia kabla mimi sijazikanyaga. Nyanya, aliyenilea tangu nina miaka minne, nilimwambia naenda warsha ya waandishi. Nikarudi baada ya wiki tatu bila ukurasa hata mmoja. Hakushangaa. (Anawajua waandishi.)

Kilo zikaanza kuniaga. Sasa, huku kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mwanamke akikonda hapongezwi. Huulizwa. Wa kwanza kuniuliza alikuwa Bi. Rukia, jirani yetu, ambaye dirisha lake la juu limeinamia kichochoro chetu na halijawahi kufungwa tangu nizaliwe.

"Zuhura, waumwa?"

"Siumwi, Bi. Rukia. Nakimbia."

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Mtu akiniuliza swali mimi humpa hadithi, ndiyo kazi yangu. Na hadithi ikishaanza hudai maelezo, nami nikayatoa: kwamba nakimbia kule Mama Ngina, kando ya bahari, kila alfajiri, kwamba upepo wa pale unafungua kifua, kwamba siku za mwanzo miguu huwaka halafu huzoea. (Mama Ngina nilikuwa nikienda kweli. Nilikaa ukutani, nikinywa uji kwa kijiko cha chai na kuwatazama wanaokimbia.) Kufikia mwezi wa tatu mtaa wote ulikuwa ukinitolea mfano. Nyanya alikuwa akiwaambia wageni, "Mjukuu wangu ni paa."

Lakini jambo moja lilikuwa likiniuma, na ndilo kiini cha kisa hiki. Nyanya hupika pilau kila Ijumaa. Zamani nilikuwa nikila sahani mbili na kukwangua ukoko. Tangu nirudi, nala vijiko vinne. Cha tano hakina pa kuingia. Nyanya aliona. Ijumaa iliyofuata akazidisha bizari. Iliyofuata akapunguza mdalasini. Akabadilisha mchele. Akanunua sufuria mpya. Siku moja nilimsikia akimwambia Bi. Rukia, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Hebu onja, shoga. Mkono wangu umeharibika?"

Nilisikia. Ningesema nini? Kumwambia kuhusu tumbo ni kumwambia kwamba nilimdanganya siku niliyoaga, na kila alfajiri baada ya hapo. Kila Ijumaa nilikuwa nikijiambia, wiki ijayo.

Leo ilikuwa Ijumaa. Nilikula vijiko vyangu vinne. Nyanya akaichukua sahani yangu iliyojaa, akasimama nayo kidogo, akaenda kuiosha. Hakuniangalia.

Nami nikatoka nyumbani nikiwa na mpango. Daktari alikuwa amenipigia simu asubuhi: "Sasa unaweza kuanza kukimbia. Polepole." Nikaona hapa pana nafasi adimu. Nikianza kukimbia kweli, uongo wangu utageuka ukweli kimyakimya, na hakuna atakayejua ulikuwa uongo. Kilichokosekana ni viatu.

Mwembe Tayari kuna mtu anaitwa Mutua, anauza viatu vya mitumba juu ya turubai, karibu na yanaposimama mabasi ya bara. Alikuwa anapangusa kiatu kwa mswaki wa meno.

"Dada, watafuta ya kwenda kazini, ya kutembea ama ya kukimbia?"

"Ya kukimbia."

"Umekimbia muda gani?"

Nilifungua mdomo niseme miezi saba. Halafu nikakumbuka kwamba huyu bwana hamjui nyanyangu wala hamjui Bi. Rukia. Uongo hauna faida hapa.

"Sijawahi," nikasema. Lo, ilikuwa raha.

"Vizuri. Wanaosema wanajua ndio hunirudishia viatu. Namba ngapi?"

"Saba."

Akautazama mguu wangu kwenye kubazi. "Hii si saba. Hii ni sita, tena sita yenyewe imejikaza."

Nilibisha. Miguu yangu ni namba saba tangu shule. Akanivalisha saba, na kisigino changu kikachezacheza ndani kama punje moja ya kahawa mkebeni. Akanivalisha sita, ikakaa. Sikujua kwamba na miguu hukonda. Nilikuwa nimeona shingo ikipungua, na mikono, na pete ilikuwa imenidondoka chooni mwezi wa pili. Miguu nilidhani ni mifupa tu, na mifupa haina habari na pilau.

"Subiri," akasema Mutua. Akanimwagia maji ya chupa kwenye unyayo, akaweka kipande cha boksi chini. "Kanyaga."

Nikakanyaga, nikainua. Alama ilikuwa nzima, hakuna hata upinde katikati. Tuliinama wote wawili tukaisoma, na sijui kama nimewahi kuangalia ukurasa wangu wowote kwa makini namna ile.

"Mguu wako umelala chini," akasema. "Umebeba mzigo mkubwa miaka mingi. Lakini ngozi ya kisigino imelegea. Huo mzigo umeutua, na si zamani."

"Miezi saba," nikasema.

Basi nikamwambia. Tumbo, Nairobi, ndizi, vijiko vinne. Watu walikuwa wakitupita na magunia na kuku. Muuza viatu vya mitumba akawa binadamu wa kwanza Mombasa kuijua siri yangu. Hakushtuka. Alikuna kidevu kwa mswaki wa kiatu, akasema, "Kwa hivyo tunamtafutia viatu mtu mpya."

Nilikuwa na maswali mengi. Mbona pua ya kiatu inainuka kama ya mtu mwenye maringo? Mbona kisigino ni kinene hivi? Akanifundisha kwamba mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa kuwa mguu husogea mtu akikimbia. Akakishika kiatu ncha mbili akakikunja. "Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Kikunjike pale vidole vyako vinapokunjika." Akanizuia kuchukua cheusi kizuri nilichokipenda, kwa sababu kilikunjika kama chapati. Kilichobaki, kilichonikaa, kilichokunjika mahali pake, kilikuwa cha rangi ya machungwa. Kamba zake za kijani.

"Hakuna kingine?"

"Kipo. Ni cha pinki, na kimoja kimeliwa na panya."

Nikauliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, nani alikivaa kabla yangu. Mutua akageuza soli, akaitazama kwenye mwanga. "Mtu mwepesi. Akanyaga upande wa nje. Hakukimbia sana. Huyu alinunua mwaka mpya akaacha mwezi wa pili."

Nikajiona nina undugu na mtu huyo.

"Sasa sikiza," akasema. "Kiatu hakijaribiwi kwa kusimama. Nenda kimbia hatua mia mbili mahali pakavu. Kikikubana, niletee leo kabla sijafunga, nikubadilishie. Lakini kikiwa kimeshaingia tope, ni chako."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, saa tisa hivi, nashuka kwenye tuktuk mwanzo wa kichochoro chetu, kikapu mkononi na makubazi yangu ndani yake, raba zimejificha chini ya buibui. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Saa hiyo watu wameshiba, milango imefungwa, alasiri bado. Nyanya amelala chumba cha nyuma, na Nyanya akilala hata mzinga wa Ramadhani haumwamshi. Mawe ni makavu. Hatua mia mbili, nani ataniona?

(Dirisha, wenzangu. Nilisahau dirisha.)

Hapa lazima niwaeleze wale wasiotoka kwetu. Mji wa Kale mtu mzima hakimbii. Watoto hukimbia, paka hukimbia, na mkokoteni ukimponyoka mwenyewe nao hukimbia. Mwanamke mwenye buibui akionekana anakwenda mbio mchana, maana yake ni moja tu: kuna mtu amefariki, na amepigiwa simu. Mimi nimezaliwa hapa, nalijua hilo. Lakini akili yangu yote ilikuwa imeshuka miguuni.

Nikashika upindo wa buibui kwa mkono mmoja, nikaanza.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa za ajabu. Nilikuwa nikisubiri ule mtikiso niliouzoea, ule wa mwili unaofika baada yako. Haukuja. Nilifika yote kwa pamoja. Nikasikia soli zikigusa mawe, tap, tap, na upepo ukiingia kwenye mikono ya buibui, na nikajiuliza, kumbe ndivyo wanavyosikia watu wote hawa? Miaka yote hii walikuwa na kitu hiki na hawakuniambia?

Kufikia hatua ya themanini pumzi ilikuwa imekwisha.

"Wee Zuhura! Kuna n'ni?"

Bi. Rukia, kichwa na mabega nje ya dirisha. Nilitaka kumjibu. Sikuwa na hewa ya kujibia. Nikainua kidole kimoja, maana yake ngoja kidogo, nitakwambia. Kidole chenyewe, kwa bahati mbaya, kilikuwa cha shahada, na kilikuwa kimeelekea mbinguni.

Akashika kifua. "Ni nyanyako?"

Wiki iliyopita Nyanya alipandwa na presha, tukampeleka hospitali, mtaa wote ulijua. Mimi sikuitikia ndiyo. Naapa sikuitikia. Lakini mtu akikimbia kichwa chake hupanda na kushuka, na changu kilipanda na kushuka, mara tatu au nne, nikapita.

Nyuma yangu nikasikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikajiuliza, nani tena kafa, maskini?

Ningesimama hapo, kisa kingeisha hapo. Lakini viatu havikuwa vikinibana, na nilikuwa na hamu ya kujua vitanifikisha wapi. Nikaupita mlango wetu, nikakata kona, nikashuka upande wa bahari, nikitembea kidogo, nikikimbia kidogo. Nilihesabu hatua, nikasahau, nikaanza upya. Nilimpita paka mmoja aliyeniangalia kwa dharau, nikamwambia, "Na wewe ungejaribu." Robo saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani.

Nikarudi kwa njia ya nyuma, nikatokeza kichochoroni kwetu, nikasimama.

Mbele ya mlango wetu mkeka ulikuwa umetandikwa. Viti vya plastiki vilikuwa vikipokezanwa juu ya vichwa. Wanawake wamejifunika leso. Maalim Athmani, anayefundisha madrasa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa kwenye simu akisema, "Kabla ya magharibi, inshallah. Waanze kuchimba." Na Bi. Rukia alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu, akilia, akiugonga mlango ambao haukufunguliwa.

Mnajua nilichokifikiri? Mnadhani nilikumbuka kidole changu? Sikukumbuka kitu. Niliona mkeka wa msiba mlangoni kwetu nikajua kwamba Nyanya amekufa nilipokuwa nachezea viatu. Na kitu cha kwanza kilichonijia si uso wake. Ni ile sahani iliyojaa, na yeye amesimama nayo.

Kikapu kikaniponyoka. Nikakimbia (kwa kasi ambayo hakuna daktari angeiruhusu), nikaupanda mkeka na viatu vyangu, nikaangukia mlango, nikalia. Nililia kwa maneno. Huo ndio ubaya wangu, silii kimya kama watu wengine.

"Nyanya, nisamehe! Nisamehe, Nyanya! Pilau yako ilikuwa tamu! Haikuwa na kosa! Ni mimi, nilikatwa tumbo, nimebakiwa na tumbo kama ndizi, chakula hakiingii! Sikwenda warsha! Sijakimbia hata siku moja, Nyanya, nilikuwa nakaa ukutani nanywa uji! Mkono wako haujaharibika!"

Wanawake wakanishika mabega. Mmoja akaanza kunifariji, akasita katikati. Kilio cha wengine kikapungua kidogo kidogo mpaka kikabaki changu peke yake, nacho nikakisikia, nikakikatiza. Kichochoro kizima kilikuwa kimya. Kimya cha watu wanaosikiliza kitu kizuri.

Kisha juu ya vichwa vyetu dirisha la nyumba yetu likafunguka.

"Nani kafa?" akauliza Nyanya.

Bi. Rukia alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyangu.

"Nauliza nani kafa. Mbona mwaugonga mlango wangu kama wadai?"

"Ni wewe, shoga," akasema Bi. Rukia, kwa sauti ya kuomba radhi.

Nyanya akafunga dirisha. Tukamsikia akishuka ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, hana haraka. Mlango ukafunguka nami nikiwa nimeuegemea, hivyo nikaingia kifudifudi, nikaishia miguuni pake.

"Inuka," akasema. "Rudia hilo la tumbo."

"Nyanya, watu..."

"Watu wameshasikia. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala."

Nikarudia, nimepiga magoti, mbele ya mtaa wote. Tumbo, Nairobi, uji. Nikamaliza, nikamtazama. Uso wake sikuweza kuusoma. Nilidhani atauliza kwa nini nilimdanganya. Nilikuwa na majibu, yameandaliwa kwa miezi saba, mengine mazuri sana.

"Kwa hivyo pilau haina kosa?"

"Haina, Nyanya."

"Ya leo?"

"Ya leo ilikuwa na mdalasini kidogo."

"Najua ilikuwa na mdalasini kidogo. Nilipunguza kwa ajili yako." Akageuka kwa Bi. Rukia. "Wasikia? Miaka thelathini nanunua nyama kwa Bwana Salim. Nimemwacha. Nimemwambia nyama yake imeingia harufu. Mtu wa watu, hana kosa." Akanirudia. "Kesho waenda wewe kumtaka radhi. Na hivyo ndivyo viatu?"

"Ndivyo."

"Mbona vyang'ara hivyo?"

"Hata mie niliviona," akasema Bi. Rukia. "Nikasema, msiba huu mzito, mtoto hakutazama hata anachovaa." Kisha akakumbuka mkeka. "Na amekanyaga mkeka navyo."

Hilo, wenzangu, ndilo lililowafanya watu wagune. Uongo wa miezi saba ulipita. Mkeka haukupita.

Pembeni Maalim Athmani alikuwa amerudi kwenye simu. "Acheni kuchimba. La, hajafufuka. Hakufa. Nawaambia hakufa, yu hapa anazungumzia nyama."

Watu wakaanza kukusanya viti, lakini Nyanya akawazuia kwa mkono. Alisema hakuna aliyewahi kuketi mlangoni kwake akaondoka mkavu, na hakuona sababu ya kuanza leo kwa vile tu maiti hakupatikana. Akaagiza kahawa. Akaagiza unga wa kaimati. Watu wakaketi kwenye mkeka (bila viatu), na Bi. Rukia akaomba nimweleze tena ile ndizi, ni ndizi gani hasa, kisukari au mkono wa tembo. Wanawake wawili walitaka kujua kama kovu huonekana. Mmoja aliuliza jina la daktari, kwa kunong'ona, akisema ni kwa ajili ya rafiki yake.

Nilitaka kujificha chumbani, lakini Nyanya aliniita jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya kabati.

"Tumbo lenyewe sasa ni kiasi gani? Nioneshe."

Nikamwonesha kwa mkono. Akatazama, akapima kwa jicho, kama anavyopima chumvi. Akashusha sahani, akairudisha. Akashusha bakuli, akalirudisha. Mwisho akatoa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakijaza pilau iliyobaki, akashindilia kwa kidole, akaweka juu kipande kimoja cha nyama kisichozidi kokwa ya tende.

"Kula. Nataka nikuone unamaliza."

Nimemaliza. Vijiko vinne, na ukoko kidogo. Amekichukua kikombe, amekiinamisha kuona kama kweli kitupu, halafu amegeuka upande wa jiko kwa muda, akasema ni moshi.

Viatu havikunibana, na hata vingenibana, Mutua asingevipokea baada ya mambo yaliyovipata. Kesho naanza kukimbia kweli, saa kumi na mbili asubuhi, kichochoroni kwetu, kwa ruhusa ya Nyanya na kwa taarifa kamili ya Bi. Rukia. Mkiniona napita mbio nimeinua kidole, nawaomba mambo mawili tu: msicheke, na msitandike mkeka.